Kintu ya Kilio Haiko Malipo

Felisi mutoto wangu,

Uko unalala mu chumba ya pili, ninasikia vile unakoroma sawa marehemu papa yako, na mimi niko huku ku meza ninakuandikia barua sawa vile ulishafika mbali. Bantu ba hii lupangu, ba hii kiwanja yetu, bakijua batacheka mpaka asubui: Mama Agnesi, na ile kinywa yake yote, anaandikia mutoto mwenye iko nyuma ya ukuta! Bacheke. Unanijua. Nikianza na kinywa nitapita ku mambo ya Mama Yozefina na bale mabwana yake, nitapita ku bei ya chumvi, nitarudia ku Mama Yozefina, na gari ya samaki itafika kukukamata mbele sijasema neno yenyewe. Karatasi hainichekeshe. Usome paka polepole tu, juu masista balinifundisha kusoma katekisimu na kuandika jina yangu, ile ingine yote nilijiokotea njiani.

Mambo ya kula, ya kufua shati, ya kuvaa flanela ku baridi ya ziwa, sitaandika. Uko na macho. Na bashangazi bako ba Pweto bako na vinywa kunipita mimi, batakuambia yote, hata yenye haukuuliza.

Nataka kusema juu ya hii kazi. Kesho unaenda kuwa mukalimani ku tribinali ya Pweto, kugeuza maneno ya bantu mu Kifransa mbele ya bwana juge, mwenye kukata mambo. Muchana jirani balikuya kushangilia, na mimi nilishangilia kupita bote, nilipiga vigelegele mpaka mbuzi ya Mama Yozefina ilikata kamba. Lakini ile furaha nilimeza na mufupa ndani, sawa samaki yenye haikusafishwa muzuri, na mufupa iko hapa ku shingo mpaka sasa.

Unajua papa yako aliuawa na ukuta. Kila muntu anajua. Kintu yenye haujue ni vile nilisamba, nilishitaki ku tribinali juu yake, na vile nilishindwa, na nani alikuwa anasimama katikati yangu na juge. Hiyo sikuambia muntu. Mimi! Mimi mwenye nilitangaza mimba ya binti wa katekista mbele mwenyewe hajaijua.

Sikia basi. Ukuta ilikuwa ya depo ya muzungu moja mucuruzi. Tulikuwa tunamwita Bwana Tumbo-Mbele, juu tumbo ilikuwa inafika ku mulango, yeye anafuata nyuma. Ukuta ilikuwa murefu, ya matofari mabichi, kando ya njia yenye bantu ba reli balikuwa banapita asubui na makinga, baskeli zabo. Mvua ikanyesha, ukuta ikavimba katikati. Zamu, mulinzi wa ile depo, Muzee Mumba, akaweka muti ya kuishikilia. Mimi nikapita pale na basamaki wangu ku kichwa, nikamuambia:

"Muzee, ukuta yako iko na mimba. Itazaa siku gani?"

Akasema, "Uliza baba yake. Nilimuambia bwana mara na mara: bwana, ukuta inaanguka. Ananijibu: ikianguka utaniamusha."

Tulicheka, Felisi. Tulishikana mikono tukacheka. Ile maneno ya mimba nilitembeza nayo ku soko yote, bantu balikuwa banairudilia sawa wimbo. Kisha asubui moja papa yako akapita pale na kinga yake, akienda kazi, na ukuta ikazaa.

Ulikuwa ungali mu mugongo yangu. Haukujua kintu.

Sasa ujue kilio yetu namna gani, juu pale njo mambo yote inalala. Wewe ni mutoto wa muji, unaona kilio paka bantu kukaa ku moto na kuimba. Kilio iko na sheria yake. Kintu yenye muntu analeta ku kilio, hairudishwe. Analeta unga, unapokea. Analeta kuni, unapokea. Na mikono mbili, na kichwa chini. Ukikatala, mbele ya bantu bote unamuambia: wewe njo mulozi, wewe njo uliua. Mama Yozefina, tulikuwa tumegombana juu ya bomba ya mayi mpaka tuliitana majina yenye padri hapaswe kusikia. Alileta chumvi. Nilipokea. Na unafikiri ile chumvi ilimaliza magomvi? Hata kidogo! Kilio iliisha, tukaanza tena pale pale tuliachia, paka ku lile tusi.

Donc, siku tulizika papa yako, boyi wa Bwana Tumbo-Mbele akafika na mufuko ya unga na blanketi. Akasema, "Bwana anasema pole." Bantu bote bakaniangalia. Ningefanya nini? Nilipiga magoti. Nilipokea.

Nyumba yetu ilikuwa ya kazi ya papa yako. Muntu akikufa, nyumba inarudia ku kazi. Balikuya kuniambia na heshima, kapita, musimamizi wa kazi, na kofia yake mu mukono, lakini heshima hailaze mutoto. Njo nilianza kuwaza: huyu muzungu aliambiwa ukuta inaanguka, akakatala kusikia. Kwetu, ng'ombe yako ikikanyaga shamba yangu, tunakaa chini, tunasamba, unanilipa. Sasa ukuta yake ilikanyaga bwana yangu.

Nilienda kwanza ku tribinali ya cité, mutaa wa bantu beusi, kule ku bajuge bazee, beusi sawa sisi. Nikasema mambo yangu yote. Juge mukubwa akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Mama, huyu mwenye ukuta, jina yake nani?"

Nikataja.

"Muzungu?"

"Muzungu, papa."

Wakaangaliana. Akasema, "Kama ni mutu mweusi alikutukana, leta. Kama bwana alikufukuza bila sababu, leta. Kama jirani alikuibia kuku, leta na manyoya yake. Muzungu, hapana. Hapa mikono yetu haimufikie."

"Basi mikono ya nani inamufikia?"

"Ya wenzake," akasema. "Enda ku parike."

Parike ni ile ofisi ya Leta, ya serikali, yenye kutafuta makosa ya bantu. Nilienda, nilikaa chini ya veranda siku mingi na wewe ku mugongo, maplanto, batumishi ba ofisi, banapita juu ya miguu yangu. Mimi muntu wa kuongea, kule nilinyamaza mpaka meno iliniuma. Siku moja muzungu kijana, uso mwekundu sawa nyanya, akauliza: huyu mama ni wa nini? Akaniita ndani. Na huyu, Felisi, sitamusemea mubaya. Alikuwa anasema Kiswahili kidogo, ya kuvunjika-vunjika, lakini alisema yeye mwenyewe, na kinywa yake. Akaniambia hivi: muntu akikuumiza juu ya uzembe wake, hata hakutaka, hata hamujuane, hata hakuna kazi kati yenu, sheria inasema atengeneze kile aliharibu. Nikauliza, hata yeye muzungu? Akasema, ku kitabu, hata yeye.

Tena akanifungua masikio juu ya bintu mbili, na nataka ushike hii, juu bantu bengi banakosa pale. Iko amande, na iko domaji. Amande, feza ya kosa, inaenda ku Leta, juu Leta ilikasirika. Domaji, malipo ya hasara, inakuya kwako, juu wewe njo unalia. Bantu banasikia bwana fulani alilipa amande, banarudia nyumbani banacheza, banangojea. Banangojea mpaka banazeeka. Amande haikupite hata ku mulango. Ile yako ni domaji, na domaji unaomba, na kinywa yako, mbele ya juge.

Nilirudia nyumbani nikiimba ile neno mu kichwa. Domaji, domaji. Nilijua kile nitaomba: lupangu mu cité, na nyumba yenye mulango ya kufunga. Paka ile. Sikutaka kuona Bwana Tumbo-Mbele mu buloko, mu gereza. Angenifanyia nini mu buloko, kunona?

Siku ya tribinali ya bazungu ikafika. Muzee Mumba alisimama akasema yote, vile aliambia bwana na vile bwana alijibu, na kila muntu ndani alijua kazi yake inakufia pale pale. Ile roho, angekuwa bado kijana ningeolewa naye.

Na mukalimani alikuwa Papa Donati.

Ndiyo. Papa Donati wako, mwalimu wako wa Kifransa.

Alikuwa kijana, viatu inangaa, kravati. Sisi banamuke bote tulimuangalia na tukafurahi: mwana wetu, mweusi, anasimama pembeni ya juge na Kifransa inatiririka sawa mayi ya bomba! Nilisema mu roho, leo mambo yangu iko mu mikono ya ndugu.

Juge akaniuliza ninaomba nini. Nikaomba nyumba. Donati akageuza muzuri, nilisikia maison, nikaitika na kichwa. Kisha avoka, muteteaji wa Bwana Tumbo-Mbele, akasimama, akasema kintu murefu, mikono inaruka. Juge akaangalia saa yake. Akauliza Donati. Donati akanigeukia:

"Mama, siku ya maziko, bwana alikutumia unga na blanketi. Ulipokea?"

"Nilipokea," nikasema, "sawa kintu ya kilio. Kintu ya kilio, baba, hairudishwe, hata adui akileta, unapokea, lakini haimalize mambo, mambo inabakia vile ilikuwa..."

Unanijua vile nasema. Maneno yangu ilikuwa murefu sawa gari ya moshi ya mukuba. Donati alifungua kinywa, akafunga. Nilimuona. Alitafuta kintu kule juu ku plafon, hakukipata. Juge akaangalia saa tena. Na Donati akasema neno kidogo tu, fupi sawa mukia ya mbuzi, na ndani yake nilisikia: payé.

Payé! Nani mu Élisabethville hajue paye? Hata mutoto wa mu matiti anajua siku ya paye. Nilijiambia: juge amesema atanilipa. Nyumba imepatikana! Nikapiga magoti pale pale, nikapiga makofi vile banatufundisha ku kwetu, polepole, kichwa chini, na wewe unaninginia ku mugongo, nikashukuru juge, nikashukuru Leta, nikashukuru hata huyu Bwana Tumbo-Mbele.

Juge akafurahi kuniona hivyo. Akasema maneno mbili, akafunga kitabu.

Nilitoka inje ninacheka. Muzee Mumba alikuwa amekaa ku ngazi. Akaniangalia sana.

"Agnesi, unachekea nini?"

"Walinipa!"

Akageuka kwa Donati, mwenye alikuwa anashuka haraka-haraka. "Kijana, walimupa nini?"

Donati akasimama. Akaangalia viatu yake. "Mama, mambo imeisha. Bwana atalipa amande kidogo. Lakini domaji hakuna. Ulishalipwa."

"Nani alinilipa?"

"Ulisema mwenyewe ulipokea. Na ulipiga magoti kushukuru. Juge aliona."

"Nilisema kintu ya kilio!"

"Mama, mu Kifransa hakuna kintu ya kilio."

"Mu Kifransa bantu habafe?"

Alishuka ngazi. Na mimi nilibakia na mikono yangu, Felisi, hii mikono mbili yenye ilishukuru, na sikujua niiweke wapi.

Ulikulia mu veranda ya bantu. Unakumbuka tulilala kwa Mama Yozefina, nyuma ya jiko, na mbuzi? Ulikuwa unafikiri ni michezo. Hiyo haikuwa michezo. Njo bei ya ile unga na blanketi.

Nilirudilia kuuza samaki ya Pweto. Samaki ilinilisha, siwezi kuilaumu, hata kama miaka yote hii banaume banapita banafunga pua. Na ku soko njo nilisikia kintu ya pili, yenye ilikuwa mubaya kupita ya kwanza. Mama moja wa mutaa wa Kamalondo, gari ya muzungu ilimuvunja muguu. Akasamba, akashindwa, kisha akashinda. Nikamuambia, wewe unanidanganya, muntu anashindwa kisha anashinda namna gani? Akasema: apeli. Juge wa kwanza akikosa, unaomba juge wa juu asikilize tena, lakini uombe mbele siku zake hazijapita. Nilikuwa ninafunga samaki ya muntu mu karatasi. Niliendelea kufunga. Nilifunga, nilifungua, nilifunga tena, mpaka yule mwenye kununua akaniuliza kama niko na homa.

Siku zangu zilikuwa zimepita zamani. Na Donati, mwenye aliijua ile neno apeli, mwenye alikuwa nayo mu kinywa siku ile ku ngazi, alishuka bila kuniachia ile neno.

Sasa utaniuliza, mama, basi kwa nini yeye njo alinifundisha Kifransa? Ulikuwa unasoma ku masista... aa, ku bafrère ba misioni, na siku moja Papa Donati alifika ku meza yangu ya samaki, na ile kravati yake, akasema, "Mama Agnesi, nitumie mutoto jioni. Nitamufundisha." Paka vile. Hakusema juu ya nini. Na mimi sikuuliza. Bantu ba soko balisema ananitaka, balisema vile amenona na samaki yangu, Mama Yozefina alishatafuta hata kitambaa ya ndoa. Niliacha baseme. Ni muzuri baseme ile kuliko baulize.

Nilikutuma kwake. Jioni na jioni. Ulirudia na maneno mu kinywa, unayafungua mbele yangu sawa bonboni. Alikununulia viatu. Alikuandikia barua ya hii kazi. Na mimi kila mara ninamupikia bukari ya unga, ninamuangalia vile anakula, na sijue kama alikuwa ananilipa ao alikuwa analeta kintu ya kilio. Mpaka leo sijue. Kama ni kilio, nilipokea, juu haikatalwe. Lakini haimalize mambo.

Mara moja tu nilimuuliza. Ulikuwa umeenda kuchota mayi. Nikasema, "Donati, siku ile, ulikosa neno ao ulikosa roho?"

Aliweka kikombe chini. Nilifikiri atakasirika. Akasema, "Juge alikuwa anaangalia saa. Ningemuambia sina neno, angeniuliza unafanya nini hapa. Nilikuwa nimeingia kazi mupya, Mama. Bibi yangu alikuwa na mimba."

"Na apeli?"

"Ningekuambia apeli, ungeenda juu, na kule juu bangeuliza nani aligeuza vibaya."

Ukafika na ndoo. Akachukua kikombe yake, akakuuliza kama ulijifunza muzuri, ukamujibu mu Kifransa, mukacheka wawili. Mimi niliosha sahani.

Sasa ujue juu ya nini nasema leo. Sitaki umuchukie. Mimi mwenyewe sikufika ku kumuchukia, nilijaribu sana, yeye anacheka muzuri na anapenda bukari yangu. Hakuwa muntu mubaya. Njo hiyo inaniuma. Mubaya ningejilinda naye. Alikuwa kijana muzuri mwenye viatu safi, mwenye kuogopa, na nyumba yangu ilipita mu ile woga yake na haikutoka ngambo ya pili.

Na kesho wewe utakuwa kijana muzuri mwenye viatu safi.

Kule Pweto watakuya bantu. Mwanamuke mwenye moto wa muzungu ulichoma ghala yake. Muvuvi mwenye mutumbwi yake ilivunjwa na bato ya mucuruzi. Habatajua amande, habatajua domaji, habatajua siku ya apeli. Batakuangalia wewe, batasema mu roho, leo mambo yangu iko mu mikono ya ndugu. Watasema maneno murefu, ya kuzunguka, sawa mama yako, na juge ataangalia saa. Mutoto wangu, muache aangalie. Geuza yote, mpaka ku mwisho. Na siku neno itakosa mu Kifransa, usiangalie plafon. Sema mbele ya bote: bwana juge, hii neno sina, nipe nafasi nimuulize huyu mama tena. Utaona haya. Haya inapita. Muulize Papa Donati kama woga inapita.

Na mwenye atashindwa, mukimbilie mbele hajafika njiani. Acha kalamu, acha kofia, mukimbilie. Muambie apeli iko, na siku zake ziko fulani. Hata kama ni wewe uligeuza vibaya. Zaidi kama ni wewe.

Asubui Papa Donati atakuya kukuaga. Nitamupa kiti na chai, nitacheka na yeye, unanijua. Wewe umushukuru juu ya Kifransa, na moyo yako yote, alikupa kintu mukubwa. Lakini hii barua usimuonyeshe. Na usiisome mu gari mbele ya bauza samaki, bale bako na vinywa kama mimi.

Nasikia umegeuka ku kitanda. Namaliza.

Kama ule juge atakasirika, akakufukuza juu ulisimamisha mambo ya bantu, panda gari ya kwanza urudie. Usitafute namna ya kunieleza, usingoje giza juu ya haya ya jirani. Kuya muchana, bantu bote bakuone. Nitakusogezea nafasi ku meza yangu pale soko, utauza na mimi, utanuka sawa mimi, na nitawaambia bote, na unajua nikisema kintu inafika mpaka Kasapa, mwisho wa muji: huyu ni mutoto wangu, balimufukuza juu aligeuza vizuri.

Mimi mama yako,
Agnesi